Kukoga Maji ya Baridi na Siha ya Mwili

Katika miaka ya karibuni imeenea, hasa kwa watu wa mijini, nasaha ya kwamba mtu aanzaye siku yake kwa kukoga maji ya baridi hupata nguvu, uchangamfu wa moyo na kinga ya maradhi. Na kwa kuwa nasaha hii humfaa sawasawa mwenye bomba la mvua na mwenye ndoo na kata, na haimgharimu mtu hata senti moja, inastahili kupimwa kwa mizani ya elimu, tupate kujua lipi katika hayo limethibitika, lipi lingali dhana, na nani miongoni mwetu hapaswi kulijaribu kabisa. Swali la kwanza, ambalo aghalabu halisemwi, ni baridi ya kiasi gani. Maana mtu wa Amsterdam afunguapo bomba lake mwezi wa Januari hutokewa na maji ya nyuzi 10 hadi 12 za sentigredi, na mtu wa Mombasa au Dar es Salaam afunguapo lake mwezi huo huo hupata maji yaliyozidi nyuzi 25, na kila mmoja wao husema kwa yakini kwamba amekoga maji ya baridi.

Tofauti hiyo si ndogo kwa ngozi ya insani. Chini ya ngozi zimetandaa ncha za mishipa ya fahamu zisizo idadi, na zile zenye kazi ya kutambua baridi ni nyingi kuliko zile za kutambua joto. Mwaka 2002 wataalamu wawili wa California, David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja katika maabara yake, waligundua protini ijulikanayo kwa herufi TRPM8, ambayo hukaa katika ncha hizo kama mlango mdogo: joto likishuka chini ya nyuzi 26 hivi mlango hufunguka, na habari ya baridi hupelekwa kwenye ubongo. Mlango huo huo hufunguliwa na mentoli, ile dawa ya mnanaa itiwayo katika peremende na marhamu za kuchua, na ndiyo sababu mtu akimumunya peremende huona ubaridi kinywani ilhali kinywa chenyewe hakikupoa hata kidogo. Kwa uchunguzi wao juu ya hisia za joto, baridi na mguso, wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021.

Habari ya baridi ifikapo ubongoni, mwili hautaki shauri la mwenyewe. Kifua huvuta pumzi ya ghafula isiyozuilika, pumzi zikafuatana mbio, moyo ukaongeza mapigo, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi ikajikaza na kuirudisha damu ndani, na shinikizo la damu likapanda. Matabibu huuita huu mshtuko wa baridi; huanza maji yakiwa chini ya nyuzi 25, hufikia ukali wake yakiwa kati ya nyuzi 10 na 15, huwa mkubwa katika sekunde 30 za kwanza, na kisha hutulia baada ya dakika mbili au tatu. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, na kwa hiyo mtu akaaye raha mustarehe katika chumba cha nyuzi 20 hutetemeka akizamishwa katika maji ya nyuzi hizo hizo.

Mshtuko huo ndio asili ya uchangamfu unaosifiwa. Mwaka 2000 wataalamu wa Jamhuri ya Cheki walichapisha matokeo ya uchunguzi ambao vijana wa kiume walikaa saa nzima katika maji ya nyuzi 14, vichwa vyao vikiwa nje, na damu yao ilipopimwa ilionekana kwamba noradrenalini, homoni iuamshayo mwili na fikira, imeongezeka kwa asilimia 530, na dopamini, inayohusiana na hamu na furaha, kwa asilimia 250. Hesabu hizi zimenukuliwa mno na wapenzi wa maji ya baridi, nami naona ni wajibu kusema kwamba zimenukuliwa mahali pasipo pake: saa nzima ya kuzama hadi shingoni katika maji ya nyuzi 14 haifanani na dakika moja ya kusimama chini ya bomba, na haifai mtu kuahidiwa malipo ya kazi ile kwa kufanya kazi hii.

Kwa bahati njema liko jaribio lililofanywa bafuni hasa, nalo ndilo la kutegemewa zaidi. Lilifanywa Uholanzi majira ya baridi ya mwaka 2015, likiongozwa na tabibu Geert Buijze wa Amsterdam, na matokeo yake yakachapishwa mwaka uliofuata. Watu 3,018 wa umri wa miaka 18 hadi 65, wasiokuwa na maradhi mazito wala mazoea ya maji ya baridi, waligawanywa kwa kura mafungu manne. Fungu moja likaachwa likoge kama desturi yake, na yale matatu yakatakiwa, kwa muda wa siku 30 mfululizo, kumaliza koga zao kwa maji ya baridi kabisa, moja kwa sekunde 30, la pili kwa sekunde 60, na la tatu kwa sekunde 90. Hesabu ilipokwisha kufanywa, waliokoga maji ya baridi walionekana kukosa kazini kwa sababu ya ugonjwa pungufu kwa asilimia 29 kuliko wenzao, na wale waliojumlisha maji hayo na mazoezi ya viungo ya mara kwa mara walikuwa na upungufu mkubwa zaidi, wa asilimia 54.

Ni matokeo ya kupendeza, lakini ndani yake limo jambo ambalo msomaji makini hatalipita: siku ambazo watu walijihisi wagonjwa hazikupungua. Waliokoga maji ya baridi waliugua sawasawa na wasiokoga. Walichozidi ni kwamba waliweza kuondoka kitandani na kwenda kazini. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba maji yaliwazuilia mafua au homa. La karibu zaidi na haki ni kusema kwamba ama ugonjwa uliwapata kwa wepesi, ama nguvu ya kuuvumilia iliongezeka. Ikumbukwe pia kwamba katika jaribio la namna hii haiwezekani kumficha mtu asijue yumo katika fungu gani, na mtu ajuaye kwamba anafanya jambo la kumtia nguvu huweza kujiona mwenye nguvu. Kitu kilichotajwa sana na washiriki wenyewe ni kuongezeka kwa uchangamfu, hata baadhi yao wakaulinganisha na ule wa kahawa. Na walioudhika walisema hasa kwamba mikono na miguu yao ilibaki baridi kwa muda. Fauka ya hayo, sekunde 90 hazikuzidi sekunde 30 kwa faida yoyote, na hili ni la kumfariji kila aogopaye.

Ama kuhusu huzuni na sonona, hapa kalamu yangu inataka kwenda kwa hadhari, kwa kuwa wanaosoma makala haya wakiwa na mzigo huo moyoni wanastahili ukweli mtupu. Mwaka 2008 mtaalamu Nikolai Shevchuk alitoa wazo kwamba huenda koga ya maji ya nyuzi 20, kwa dakika mbili au tatu, ikitanguliwa na dakika tano za kuyapoza maji polepole, ikawa tiba ya sonona, kwa hoja kwamba ncha za baridi zilizo ngozini hupeleka ubongoni msukumo mkubwa wa umeme. Wazo lile lilikuwa na mantiki, lakini lilikuwa wazo, na wengi waliolitangaza baadaye waliligeuza kuwa hukumu. Mwaka 2025 wataalamu wa Australia Kusini walizikusanya tafiti 11 zenye jumla ya watu 3,177 walio wazima, wakaona dalili kwamba uzito wa mawazo hupungua saa 12 baada ya kukaa katika maji ya baridi, na kwamba usingizi na raha ya maisha huweza kuongezeka kidogo. Bali juu ya furaha ya moyo hawakupata ithibati ya kutosha. Basi mtu mzima aliyeamka na uvivu atapata burudiko la kweli kwa maji ya baridi, nami nampa moyo alitafute. Lakini aliyeshikwa na sonona, asiyelala, asiyekula, asiyeona maana ya kesho yake, haki yake ni kuonana na tabibu, na dawa aliyoandikiwa asiiache kwa ajili ya ndoo ya maji.

Turejee kwetu. Maji ya visima hufuata kwa karibu wastani wa joto la hewa ya mahali kwa mwaka mzima, na kwa sababu hiyo maji ya pwani yetu huwa ya nyuzi 26 au zaidi, na yale yaliyokaa katika tangi juu ya dari huwa moto kabisa ifikapo alasiri. Ilhali katika nyanda za juu kama Njombe, Lushoto, Limuru na Kabale, ambako wastani wa hewa ni nyuzi 16 hadi 18 hivi, maji ya alfajiri ni ya baridi hasa. Mtu wa pwani akogapo hapati mshtuko tulioueleza ila kwa uchache, lakini asidhani kwamba amepunjwa. Faida yake ni nyingine, na kwa hali ya nchi yake ni kubwa: maji yaliyobaki ngozini hukauka na kuchukua joto, kiasi cha kilokalori 580 kwa kila lita, na mwili uliochoshwa na hari ya kaskazi hupumua. Sioni haja ya mtu wa Tanga au Lamu kununua barafu ili aige desturi ya Ulaya.

Desturi yenyewe ya Ulaya ina historia ndefu. Vincent Priessnitz, mkulima wa Silesia aliyezaliwa mwaka 1799, alijipatia sifa kubwa kwa kutibu watu kwa maji ya baridi ya milimani. Na baada yake kasisi Sebastian Kneipp wa Bavaria, ambaye katika ujana wake aliugua kifua na kujitosa katika mto Danube wakati wa baridi kali, alipona, akaandika mwaka 1886 kitabu juu ya tiba ya maji kilichosomwa dunia nzima. Lakini wagonjwa wa mabwana hawa walikwenda pia kwa miguu, walikula chakula chepesi na kuvuta hewa safi, hata ni muhali kujua maji peke yake yalifanya nini. Unguja nayo ilipata hamamu ya watu wote, iliyojengwa Mji Mkongwe zama za Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, nayo ilikuwa na maji ya moto na ya baridi pamoja. Na zamani kuliko wote hao Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika Kanuni yake kwamba koga ya maji ya baridi ni ya yule ambaye umri, nguvu na majira vyamruhusu, akawakataza mwenye kutapika, mwenye kuharisha, mwenye mafua, mtoto mdogo na mzee. Katika hao wote namwona yeye ndiye aliyesema kwa kipimo.

Atakaye kuanza na aanze taratibu. Mike Tipton wa Portsmouth, aliyetumia umri wake kuuchunguza mshtuko wa baridi, ameonyesha pamoja na wenzake kwamba kuzama mara tano au sita kwa muda mfupi hupunguza mshtuko huo kwa nusu hivi, maana mwili hufundishika upesi. Koga kwanza maji yako ya kawaida, kisha yapoze. Tia miguuni na mikononi, ndipo mabegani na kifuani, huku ukitoa pumzi polepole wala usiizuie. Sekunde 30 zatosha. Anyanyuaye vyuma ili kukuza misuli asiingie katika maji ya baridi mara tu amalizapo, kwani imeonekana kwamba kufanya hivyo hupunguza ukuaji wake. Na atafutaye usingizi atafaidika zaidi na maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala. Kujitosa katika bwawa au mto wa milimani ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa ile pumzi ya ghafula ikimkuta mtu kichwa chake kiko chini ya maji humjaza maji mapafuni.

Mwenye maradhi ya moyo, aliyewahi kupatwa na kiharusi, mwenye shinikizo la damu lisilotulizwa kwa dawa, mwenye pumu iamshwayo na baridi, na yule ambaye ngozi yake huvimba akiguswa na baridi, hao wote wasijaribu bila ya idhini ya tabibu. Mwenye homa naye asimwagiwe maji ya baridi, kwani kutetemeka huzidisha joto la ndani; apelekwe akapimwe malaria.

Lakini walio katika hatari ambayo haizungumzwi ya kutosha ni wagonjwa wa selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu, na jirani zake hawako mbali nayo. Baridi ikigusa ngozi, mishipa ya damu hujikaza na mwendo wa damu hupungua. Na chembe za damu za mgonjwa huyu, ambazo hupinda mfano wa mundu, hukwama katika njia iliyofinyika na kuleta maumivu makali ya mifupa na kifua, ambayo huweza kumlaza hospitali kwa siku nyingi. Sasa fikirieni shule za bweni za nyanda za juu, ambako wanafunzi huamshwa alfajiri na kukoga kwa haraka maji yaliyolala nje usiku kucha, na ambako mtoto ayakimbiaye maji hayo huweza kuhesabiwa mvivu au mchafu. Nawasihi walimu wakuu, matroni na mapatroni waulize habari za selimundu na pumu siku ile ile mtoto anapopokelewa, waziandike, na wawawekee watoto hao sufuria ya maji moto kila asubuhi. Kuni zake ni chache mno kuliko gharama ya usiku mmoja wa hospitali. Na mzazi ampelekapo mtoto wa namna hiyo shuleni amkabidhi matroni karatasi za kliniki mkono kwa mkono, na amweleze waziwazi kwamba maji ya uvuguvugu kwa mtoto huyu ni sehemu ya dawa yake.