Makaburi ya Warumi chini ya stesheni ya York

Sheria za Kirumi zilikataza wafu kuzikwa ndani ya mji. Ndiyo maana miji ya Kirumi ina makaburi nje ya kuta, kandokando ya barabara zinazotoka mjini. Karne nyingi baadaye wajenzi wa reli nao walitafuta ardhi iliyo wazi karibu na miji hiyohiyo, wakaikuta palepale, nje ya kuta. Hivyo ndivyo stesheni kadhaa za Ulaya zilivyokaa juu ya wafu, na ya York, kaskazini mwa Uingereza, ni mojawapo.

Mji huo ulianza kama ngome ya jeshi la Kirumi mwaka 71, ukiitwa Eboracum. Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alifia hapo mwaka 211. Stesheni ya York ya miaka ya 1840 iliingizwa ndani ya kuta: ukuta ulitobolewa ili treni zipite, na wachimbaji wakakutana na mabaki ya mabafu ya Kirumi. Ilipozidiwa na abiria, ikajengwa nyingine nje ya ukuta. Hiyo ilifunguliwa mwaka 1877, inatumika hadi leo, na ndiyo iliyoangukia makaburini.

Mwaka 1875, uchimbaji ukiendelea, lilipatikana jeneza la risasi. Maiti ilikuwa imemiminiwa jasi, kama walivyozikwa baadhi ya watu wenye uwezo. Nywele za marehemu zilikuwa bado zipo: za kahawia iliyoelekea wekundu, zimekusanywa kisogoni, na pini zake za jeti, jiwe jeusi linalong'aa, zimebaki zimechomekwa. Sasa zimehifadhiwa Yorkshire Museum, na anayezitazama haoni vigumu kuamini kwamba kuna mkono uliozitengeneza asubuhi moja.

Lakini wachimbaji wa enzi hiyo walichagua kilichovutia macho. Majeneza na mapambo yaliokolewa; udongo uliowazunguka marehemu, mpangilio wa makaburi, na mengi ya watu waliozikwa bila jeneza la thamani hayakupewa uzito huo. Hasara hiyo haifidiki. Kaburi jingine la York, lililogunduliwa mwaka 1901, lilikuwa na mwanamke wa karne ya 4 aliyezikwa na bangili za jeti na za pembe za ndovu. Kwa kuwa mifupa yake ilitunzwa pamoja na vitu vyake, mwaka 2010 watafiti waliweza kuichunguza upya, wakaona dalili kwamba huenda asili yake ilikuwa Afrika Kaskazini. Waliomfukua mwaka 1901 hawakuwa na vifaa vya kuuliza swali hilo.

Ndiyo sababu kanuni ya kwanza leo ni kuyaacha mabaki mahali yalipo. Kuchimba, hata kwa brashi na kijiko kidogo, ni kuharibu. Tofauti ni kwamba sisi wanaakiolojia tunaandika tunapoharibu. Kitovu cha York kimetajwa chini ya sheria ya mwaka 1979 kuwa eneo muhimu la akiolojia, na anayetaka kuchimba humo hutoa taarifa wiki sita kabla. Tangu miaka ya 1990 mji pia umejiwekea kipimo: msingi wa jengo jipya usiharibu zaidi ya asilimia 5 ya tabaka za kale zilizo chini yake.

Kipimo hicho nakiunga mkono, ila hakitoshi peke yake. Nguzo za zege zinazoshuka ardhini zinaweza kuchukua asilimia 4 tu ya kiwanja na bado zikavuruga kila kitu, zikiwa zimesambaa kiasi kwamba katikati yake hakubaki sakafu nzima wala kaburi zima la kusomeka. Mhandisi mzuri huzikusanya nguzo chache mahali pamoja, au hupitisha boriti juu ya tabaka. Na jengo hilo likibomolewa baada ya miaka 50, anayefuata atumie mashimo yaleyale, la sivyo naye atadai asilimia 5 zake.

Kuna pia maji. Mbao, ngozi na nguo hudumu chini ya ardhi pale udongo unapokuwa umelowa daima, kwa sababu hewa haifiki na vijidudu vinavyoozesha hukosa oksijeni. Mfereji mpya ukiteremsha maji ya ardhini, kilichodumu miaka 1,800 huanza kuoza bila mtu kukigusa na bila mtu kukiona. Kwa hiyo hufungwa mabomba membamba ya kupimia kina cha maji kabla ya ujenzi, na yaachwe yakisomwa hata baada ya mkandarasi kuondoka.

Eneo la mbele ya stesheni ya York limekuwa likipangwa upya miaka hii. Daraja la barabara la Queen Street, lililokuwa limebanana na ukuta wa mji, lilibomolewa mwaka 2024. Wengi wanadhani hatari iko kwenye kazi kubwa kama hiyo. Mimi huogopa zaidi mitaro midogo: ya nyaya, ya maji ya mvua, na mashimo ya kupandia miti, kwa sababu huchorwa mwishoni, wakati mwanaakiolojia keshakabidhi ripoti. Hapo ndipo mabishano ya kila siku yanapotokea. Tunaomba katapila lifungwe ndoo isiyo na meno, yenye ukingo ulionyooka, ikwangue udongo kidogokidogo. Ndoo ya meno huacha mikwaruzo inayoficha rangi ya udongo, na mara nyingi alama pekee ya kaburi ni mstatili wa udongo uliokoza kidogo kuliko ulio pembeni.

Roma wamelazimika kufuata njia nyingine. Mahandaki ya reli ya Metro C hupita chini kabisa ya tabaka za kale, lakini ngazi za abiria lazima zizikate. Mwaka 2016 ulitangazwa ugunduzi, yapata mita 9 chini ya ardhi, wa mabweni ya askari wa karne ya 2, yenye vyumba 39. Yalikatwa vipandevipande, yakaondolewa, kisha yakarudishwa ndani ya stesheni. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na hapakuwa na njia nyingine. Hata hivyo sitaki iigwe pale ambapo kusogeza ngazi mita chache kungetosha.

Ombi langu kwa wenye stesheni ni dogo. Mradi ukiisha, ramani ya vilivyoachwa ardhini, pamoja na kina chake, isiishie makumbusho. Wapewe mafundi wa matengenezo wa reli, kwa kuwa ni wao watakaokuja siku moja usiku, treni zikiwa zimesimama, kutafuta bomba lililopasuka.