Nyaya za umeme, mtego usioonekana kwa helikopta

KUTOKA maporomoko ya Rusumo wilayani Ngara, ambako mtambo wa megawati 80 unazihudumia Tanzania, Rwanda na Burundi, njia ya umeme wa kilovoti 220 inavuka milima na mabonde hadi kituo cha Nyakanazi, Biharamulo. Kwa wananchi wa Kagera ni neema. Kwa rubani wa helikopta, nyaya za aina hiyo ni mtego.

Helikopta, tofauti na ndege ya abiria, hufanya kazi zake karibu na ardhi: kubeba wagonjwa, kufanya doria katika hifadhi kama Burigi-Chato, au kutua viwanja vya mpira wakati wa kampeni, jambo lililozoeleka nchini tangu uchaguzi wa 2005.

Jicho la binadamu huuona waya kwa shida. Ukizeeka hufifia, ukafanana na pori au anga. Na bila kitu cha kuulinganisha nacho, rubani hawezi kukadiria umbali. Waya wa juu kabisa, unaokinga radi, ni mwembamba kuliko nyaya zinazobeba umeme. Anayepaa ghafla kuzikwepa zile nene huweza kuugonga huo. Bondeni hali ni mbaya zaidi, kwani nguzo hujificha vilimani. Ndiyo maana marubani hufundishwa kutafuta nguzo, si waya, na kuvuka juu ya nguzo yenyewe.

Wengi hudhani ajali hizi ni za usiku au ukungu. Sivyo. Nyingi hutokea mchana kweupe. Wachunguzi wa Australia walipochambua ajali za ndege za kilimo zilizogonga nyaya, walibaini kuwa katika zaidi ya nusu, rubani alijua waya upo.

Wala si helikopta pekee. Januari 24, 2003, ndege iliyobeba mawaziri wa Kenya iligonga nyaya za umeme ikiruka kutoka Busia. Waziri wa Kazi, Ahmed Khalif, na marubani wawili walifariki dunia.

Vipo visu vya kukatia waya vinavyofungwa mbele ya helikopta, lakini husaidia tu ikiwa na mwendo wa kutosha. Kinga nyingine ni mipira ya rangi juu ya nyaya. Viwango vya kimataifa vinataka kipenyo kisichopungua sentimita 60. Mipira hiyo, hata hivyo, huwekwa kwenye njia kubwa. Nyaya ndogo za vijijini, zilizo jirani na viwanja ambako chopa hutua, kwa kawaida hazina.