Mji Mkongwe: Chokaa Haina Haraka, Mkataba Unayo

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar kuna misimu miwili isiyopatana. Aprili na Mei wageni hupungua, na wenye fleti na hoteli huita mafundi. Lakini hayo ni masika, na lipu ya chokaa haikauki kwa mvua. Juni watalii wanarudi. Hapo ndipo saruji inapopata soko.

Saruji hushika kwa siku chache. Chokaa hutaka wiki kadhaa, mbali na muda wa kuiloweka. Kwa mwenye mkopo, hizo ni wiki za kodi iliyopotea. Ila nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa: kuta hunyonya unyevu kutoka chini na kuutolea nje. Ukizifunika kwa saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, lipu hubanduka, na vichwa vya boriti za mikoko vilivyochomekwa ukutani huoza. Fundi huitwa tena, na safari hii analipwa zaidi.

Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, aghalabu mita 3 hivi. Anayetaka sebule pana ya kisasa hushawishika kuvunja ukuta. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la 1883, iporomoke Desemba 2020 likikarabatiwa, kishawishi hicho hakina utetezi. Wanaofaulu huacha chumba kirefu kibaki kirefu, jiko likafuata ukuta mmoja, na nyaya zikapita juu ya lipu. Fedha huzipeleka bafuni, maana bomba likivuja juu ya boriti, hasara humshukia mpangaji wa chini. Hivyo mabafu hukaa moja juu ya jingine, na mabomba hubaki yanapofikika.

Kazi zote hizo huhitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985. Kibali, hata hivyo, hakirefushi mkataba. Nyumba nyingi ni za Serikali au wakfu, na mpangaji wa miaka michache hana sababu ya kungojea chokaa ambayo faida yake ataivuna mwingine.

Kwa mwenye mkataba mrefu hesabu hubadilika: masika ni ya mabomba na nyaya za ndani, kiangazi ni cha lipu, fleti moja baada ya nyingine, huku zilizobaki zikiendelea kupangishwa.