Fahamu: Vanessa James na ufundi wa wawili juu ya barafu

Nyanda za Ufipa, pamoja na baridi yake kali ya Juni na Julai, hazina ziwa linaloganda. Basi si ajabu msomaji wa Sumbawanga, aonapo katika simu yake mwanamke mweusi akirushwa hewani juu ya barafu, akataka kujua habari zake.

Huyo ni Vanessa James, mzaliwa wa Kanada mwaka 1987, aliyelelewa Bermuda na Marekani, akatwaa ubingwa wa Uingereza wa kuteleza kwenye barafu akicheza peke yake mwaka 2006, kisha akahamia Ufaransa, ambako yeye na Yannick Bonheur walikuwa jozi ya kwanza ya watu weusi kushiriki mchezo huo katika Olimpiki, huko Vancouver mwaka 2010.

Katika mchezo wa wawili, tendo la hatari ni kurusha: mwanamume humshika mwenziwe kiunoni, hali wote wawili wanakwenda kasi, akamtupa, naye huzunguka mara tatu kabla ya kutua kwa mguu mmoja, akienda kinyumenyume, juu ya ukingo wa chuma chembamba. Wala hapana wavu.

Akiwa na mwenzi mwingine, Morgan Ciprès, James aliipatia Ufaransa shaba ya dunia mwaka 2018 na ubingwa wa Ulaya mwaka 2019. Baadaye aliichezea Kanada pamoja na Eric Radford, wakapata shaba ya dunia mwaka 2022 mjini Montpellier. Bendera tatu kwa mtu mmoja hazinistaajabishi, kwani mwenzi wa kufaa ni adimu mno, na Olimpiki hailegezi sharti kwamba wote wawili wawe raia wa taifa moja.