Picha za Zamani: Tuandike Majina Kabla Hayajapotea

Ndugu msomaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tukiisikia methali hii wengi wetu tunafikiria duka, mbuzi na ngamia. Mimi leo nataka kuitumia kwa mali nyingine ambayo karibu kila nyumba hapa Garissa inayo, na ambayo ni nyumba chache sana zimeiandikia daftari. Mali hiyo ni picha za zamani za familia.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Likizo ya Agosti mwaka jana, ayeyo, yaani bibi yangu mzaa mama, alinituma nimtolee shuka kwenye sanduku lake la bati. Chini kabisa nikakuta bahasha ya kaki, na ndani yake picha tisa. Moja ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, ya mwanamume aliyesimama wima, amevaa shati jeupe na kikoi, ameshika bakora, na nyuma yake pazia lililochorwa maua. Ilikuwa na vumbi na doa la chai. Nikaona nimfanyie ayeyo hisani. Nilichovya kitambaa katika maji ya sabuni, nikasugua. Lo! Doa likatoka, na uso nao ukatoka. Nikabaki na shati, bakora na maua.

Ayeyo aliiangalia kwa muda mrefu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Huyo alikuwa awowe wako. Sasa wewe utamjulia wapi?" Babu huyo alifariki kabla sijazaliwa, na sisi sote tulijua kuwa hiyo ndiyo picha yake ya pekee.

Tangu siku hiyo nimewauliza wapiga picha wa mjini, mwalimu wetu wa kemia na wazee kadhaa jinsi picha inavyoharibika na jinsi inavyotunzwa. Niliyojifunza ndiyo haya.

KWA NINI PICHA ZETU NI CHACHE

Kwanza kabisa, tukumbuke kuwa huku Kaskazini Mashariki picha haikuwa kitu rahisi kupata wala kuweka. Familia ya wafugaji ilihama na mifugo yake. Herio ilibomolewa, miti na mikeka ikapakiwa juu ya ngamia, na vitu vilivyosafiri vilikuwa vile vya lazima. Picha ilipigwa mtu alipofika mjini, basi, na pengine alifika mara moja kwa mwaka.

Pili, tumepitia miaka migumu. Palikuwa na vita vya shifta kuanzia 1963 hadi 1967. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi hapa Garissa ulichomwa wakati wa msako wa askari, na watu wakakusanywa uwanjani. Mambo hayo yameandikwa katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotolewa mwaka 2013. Nyumba ikiungua, mtu hukimbia na mtoto, hakumbuki bahasha ya picha. Kwa hiyo kuna wazee hapa mjini wasio na picha hata moja ya ujana wao.

Tatu, kwa akina nyanya wengi, picha ya kwanza maishani ilikuwa ya kipande. Hapo awali vitambulisho vya Kenya vilikuwa vya wanaume tu, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1978 na wanawake nao wakaanza kusajiliwa. Basi ile picha ndogo ya kitambulisho, ambayo sisi tunaicheka kwa sababu mtu amekodoa macho, huenda ndiyo picha ya zamani kuliko zote za nyanya yako.

Na jambo la kipande huku kwetu si mchezo. Novemba 1989 serikali ilianza kuwasajili upya Wakenya wenye asili ya Kisomali na kuwapa kadi za rangi ya waridi. Baadaye pia, kwa miaka mingi, vijana wa kaunti za mpakani walisailiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho: baba yako ni nani, babu yako ni nani, walikaa wapi. Februari 2025 Rais alitangaza huko Wajir kuwa usaili huo ukome. Mimi sisemi kuwa picha ni hati ya serikali, la hasha. Lakini kijana anayejua sura ya babu yake, jina lake kamili na mahali alipoishi, hapati kigugumizi akiulizwa yeye ni nani.

PICHA NI KITU GANI HASA

Kosa langu lilitokana na kudhani kuwa picha ni karatasi iliyochapwa kama gazeti. Kumbe sivyo. Picha ya zamani ya nyeusi na nyeupe ina karatasi chini, na juu yake utando mwembamba wa jelatini, ambayo hutengenezwa kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Ndani ya utando huo mna chembe ndogo sana za madini ya fedha, na chembe hizo ndizo zinazofanya weusi wa picha. Jelatini ikipata maji hulainika na kuvimba. Ukiisugua katika hali hiyo unaiondoa, na sura inaondoka nayo. Ndiyo maana uso wa awowe ulibaki kwenye kitambaa changu.

Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zina tabia nyingine. Hizo hazibaki na fedha bali rangi za kemikali, na rangi hizo huchuja polepole hata zikiwa gizani. Moja huchuja upesi kuliko nyingine, ndiyo sababu picha ya harusi ya mjomba sasa imekuwa nyekundu au manjano tupu. Kwa ufupi, ile ya nyeusi na nyeupe tunayoidharau mara nyingi huishi zaidi.

MAADUI WA PICHA HAPA KWETU

Adui wa kwanza ni joto. Hapa Garissa mchana joto mara nyingi hupita nyuzi 35, na chini ya mabati ni zaidi ya hapo. Joto huharakisha kuchuja kwa rangi. Picha iliyotundikwa ukutani mkabala na dirisha hupigwa na joto pamoja na jua, yaani mapigo mawili kwa wakati mmoja.

Adui wa pili ni maji. Mto Tana ndio uhai wetu, lakini ukifurika hauchagui. Tuliusikia katika mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, na tukauona wenyewe mwisho wa 2023 na tena Aprili 2024, watu wa mitaa iliyo karibu na mto walipohama usiku.

Adui wa tatu ni mchwa na panya. Hawa hawahitaji maelezo.

Adui wa nne ni sisi wenyewe. Tunashika picha kwa vidole vyenye jasho na mafuta. Tunazibandika kwa gundi. Tunazitia katika zile albamu zenye kurasa za kunata, na baada ya miaka ishirini hazibanduki. Wengine hupeleka picha ya zamani ikafunikwe kwa plastiki ya moto kama cheti. Usifanye hivyo! Joto lile huidhuru, na plastiki ile haitoki tena.

NAMNA YA KUZITUNZA

Hebu sasa tuangalie dawa. Habari njema ni kwamba haihitaji pesa nyingi.

Osha mikono, ikauke, halafu shika picha kwa kingo zake. Vumbi lipunguze kwa brashi laini na kavu, basi. Doa liache. Picha yenye doa ni bora kuliko picha isiyo na uso.

Kila picha itie katika bahasha yake ya karatasi, au angalau weka karatasi nyeupe safi kati ya picha na picha. Kisha ziweke katika sanduku la bati lenye mfuniko unaofunga vizuri. Sanduku la ayeyo, kumbe, lilikuwa sahihi siku zote! Mchwa hawali bati. Liweke juu ya meza au rafu, si sakafuni, katika chumba chenye kivuli, mbali na jiko. Ukinunua viatu vipya utakuta ndani kipakiti cha chembechembe ambacho watu hutupa. Kitie ndani ya sanduku, kwa kuwa kazi yake ni kunyonya unyevu.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiivute, itachanika. Iache hapo hapo na uipige picha nyingine kupitia kioo.

Zikilowa kwa mafuriko, usiache zikauke zikiwa rundo, maana zitashikana zote ziwe tofali. Zitenganishe moja moja polepole zingali mbichi. Kama zina matope, zitumbukize katika maji safi baridi bila kusugua. Kisha zilaze kivulini, uso ukitazama juu. Fanya hivyo siku ile ile au ya pili yake.

Tena, ukiwa na negativu usizitupe. Ukanda ule unaoonekana hauna maana unaweza kusafishwa upya ukatoa picha mpya.

DAFTARI LA PICHA

Sasa nimefika kwenye jambo ninalotaka ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Picha inaweza kuwa nzima kabisa, lakini kama hakuna anayejua aliye ndani ni nani, hiyo si picha ya familia tena. Ni karatasi yenye mtu. Na anayejua majina mara nyingi ni mzee mmoja tu nyumbani, na wazee wanatuondoka.

Kwa hiyo chukua daftari la kawaida. Ipe kila picha namba. Namba hiyo iandike nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini bila kukandamiza. Usitumie kalamu ya wino, kwani wino hupenya na ncha huacha alama upande wa mbele. Kisha katika daftari andika: ni nani, kutoka kushoto kwenda kulia, ni wapi, ni lini, nani alipiga, na nani amekueleza. Kama mwaka haujulikani, uliza kwa njia ya wazee. Kulikuwa na ukame? Mtoto gani alikuwa amezaliwa? Ilikuwa kabla ya mafuriko au baada? Ukipata hayo, mwaka utaukaribia.

KUGAWANA PICHA

Picha iliyo mahali pamoja ni picha iliyo hatarini. Itoe nakala. Kwenye saiba wana mashine ya kunakili, na waombe waweke nukta 600 kwa inchi. Kaa hapo hapo mpaka wamalize, uondoke na picha yako. Kama huna nauli ya saiba, simu inatosha. Laza picha kivulini penye mwanga wa mchana, zima mwako wa kamera, futa kioo cha kamera, na ushike simu sambamba na picha. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo itapunguzwa ubora. Weka nakala mahali patatu: kwenye simu, kwenye fleshi diski, na kwa jamaa aliye mji mwingine. Mafuriko ya Garissa hayafiki Eastleigh wala Minneapolis.

Lakini ndugu zangu, kugawana kuna adabu zake. Picha ya shangazi yako akiwa arusini bila mtandio, pamoja na wanawake wenzake, haikupigwa ili ionwe na kundi la watu mia mbili. Muulize kwanza. Kama amefariki, waulize watoto wake. Wako pia wazee ambao kwa sababu ya dini hawapendi picha zitundikwe ukutani. Waheshimu, picha ikae ndani ya bahasha. Nakala ya familia ni ya familia.

MWISHO

Baada ya kuiharibu ile picha nilikaa na ayeyo jioni tatu mfululizo, baada ya sala ya isha, tukiwa na picha nane zilizobaki na daftari. Alinitajia majina ishirini na sita. Mengine hata mama hakuyajua.

Jioni ya tatu tulifika kwenye picha ya arusi, ya watu wengi, imechuja ikawa nyekundu. Tukahesabu kutoka kushoto. Alipofika safu ya nyuma aliweka kidole chake pembeni kabisa, kwa mtu aliyefichwa nusu na bega la mwenzake. "Na huyu hapa," akasema, "ni yeye." Ni awowe. Uso hauzidi punje ya mahindi, na anatazama upande. Nimeupiga kwa simu nikaukuza, lakini ukiukuza sana unakuwa ukungu. Hata hivyo pua ni ya mama.

Picha hiyo ilikuwa sandukuni miaka yote. Hakuna aliyejua awowe yumo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

Basi msomaji mwenzangu, likizo hii ukifika nyumbani usianze na kitambaa kama mimi. Anza na penseli. Kaa karibu na nyanya yako, fungua bahasha, umwulize: "Huyu ni nani?"