Mtoto Akililia Gari la Dukani

"Mtoto akililia wembe, mpe," walisema wahenga. Lakini gari la plastiki lipigalo king'ora na kuwaka taa si wembe. Wembe humfunza mtoto papo hapo; gari likinunuliwa bila kufikiri, anayeumia ni mzazi, tena baada ya miezi.

Jambo hili hufahamika vyema huko Nchelenge, mkoani Luapula nchini Zambia, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Jamaa nyingi za huko huishi kwa perege na dagaa waitwao chisense. Kila mwaka uvuvi hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Katikati ya ukata huo, mwezi Januari, shule hufunguliwa. Ada katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2022, lakini sare, viatu na madaftari hutaka fedha. Kwa hiyo gari lililonunuliwa mwezi Novemba si sawa na lile la mwezi Aprili, hata bei ikiwa ni ile ile.

Mvuvi arudipo kutoka kambi ya visiwani, fedha zimo mfukoni na mwanawe amemshika mkono sokoni. Moyo wake humwambia alipe deni la siku alizokosekana nyumbani. Askari arudiye kutoka lindo la mbali anaijua hali hiyo. Lakini mtoto huwa amemkosa baba, wala si gari. Kitu hicho hakiwezi kuzilipa siku zile.

Basi yafaa wazazi wajiulize mambo matatu. Kwanza, je, fedha hizo hazina kazi nyingine kabla ya mapato yajayo? Pili, je, ombi lingalipo baada ya juma moja, au limekwisha kusahauliwa? Tatu, je, kitu chenyewe ni imara na salama? Vitu vingi vya taa na sauti hutumia betri ndogo za duara, mfano wa kifungo cha shati. Mtoto akiimeza moja, yaweza kumuunguza koo vibaya kwa muda wa saa mbili tu. Kifuniko cha betri kisichofungwa kwa skrubu chatosha kuwa sababu ya kukataa.

Kukataa kununua si kukataza mchezo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Zambia iliuridhia mwaka 1991, unamtambulia kila mtoto haki ya kucheza. Watoto wa Zambia hujiundia magari ya waya yenye usukani mrefu, wakayaendesha huku wakikimbia. Baba akitoa jioni moja kukunja waya pamoja na mwanawe, amempa gari na amempa baba.

Jibu lolote litolewalo na liwe la kweli. "Kesho" isiyofika humfundisha mtoto kutoliamini neno la mzazi. Afadhali aambiwe, "Uvuvi ukifunguliwa mwezi Machi," kisha Machi ifikapo ahadi itimizwe, kwani ahadi ni deni. Na endapo madaftari yamekwisha kununuliwa, na kitu ni kizuri, mzazi na anunue kwa furaha, bila mahubiri. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini hakunjwi kwa kunyimwa kila siku.