Mazoezi wakati wa ujauzito: utajuaje kama yanatosha au umezidisha?

Mama mjamzito huambiwa mambo mawili yanayopingana. Kliniki anaambiwa afanye mazoezi. Nyumbani anaambiwa akae atulie, asije akamdhuru mtoto. Wote wanamtakia mema, lakini yeye anabaki na swali: nitajuaje kiasi kinachonifaa?

Huhitaji mashine wala saa ya gharama kujua. Mwili wako unakuambia, ukijua namna ya kuusikiliza.

Kiasi kinachopendekezwa

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unapendekeza wajawazito na mama waliojifungua, wasio na tatizo la kiafya linalowazuia, wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Hiyo ni kama dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki. Unaweza kuzigawa: dakika 10 asubuhi, 10 mchana na 10 jioni. Mazoezi haya hupunguza uwezekano wa kupata kisukari cha mimba na shinikizo la damu la ujauzito. Kama hukuwa na mazoea ya mazoezi, anza kidogo na uongeze polepole.

Jipime kwa kuongea

Ukiwa katikati ya zoezi, jaribu kuongea:

- Unaongea na unaweza hata kuimba: zoezi ni jepesi.
- Unaweza kusema sentensi nzima, lakini huwezi kuimba: zoezi ni la wastani. Hapa ndipo pa kulenga.
- Unasema maneno mawili matatu kisha unalazimika kuvuta pumzi: zoezi ni kali. Punguza mwendo.

Ndiyo maana ni vizuri kutembea na mwenzako. Mazungumzo yakianza kukatika, mnajua mmekwenda mbio mno.

Jipe alama

Njia nyingine ni kujipa alama kuanzia 0 hadi 10. Sifuri ni kukaa umetulia. Kumi ni kutumia nguvu zako zote. Zoezi la wastani huwa kwenye 5 au 6: moyo unakwenda haraka kidogo, mwili umepata joto, lakini unahisi unaweza kuendelea.

Usijilinganishe na mwingine. Kilima ambacho ni 4 kwa mama aliyezoea kubeba maji kinaweza kuwa 8 kwa mama anayeshinda ameketi kwenye cherehani. Hata wewe mwenyewe hubadilika. Njia uliyoipita kwa urahisi mimba ikiwa ya miezi mitatu itakuwa nzito ikifika miezi minane. Kupunguza mwendo wakati huo si uvivu.

Kazi za nyumbani pia zinahesabika. Kama umefua nguo nyingi kwa mkono au umelima, na pumzi ilifika kiwango cha wastani, tayari umefanya mazoezi. Siku kama hiyo unaweza kuhitaji kupumzika, si kuongeza.

Vipi kuhusu mapigo ya moyo?

Watu wengi hutoa umri wao kwenye 220, kisha hulenga asilimia 50 hadi 70 ya jibu. Kwa mwenye miaka 30, hiyo ni mapigo 95 hadi 133 kwa dakika. Lakini katika ujauzito moyo hupiga haraka zaidi hata ukiwa umepumzika, kwa sababu unasukuma damu nyingi zaidi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu nazo hupunguza mapigo. Kwa hiyo namba hizo zinaweza kukupotosha. Kuongea na kujipa alama ni njia za kutegemea zaidi.

Kuchoka kusiko kwa kawaida

Kama unakosa pumzi kwa kazi ndogo ambayo zamani haikukusumbua, usidhani ni ukosefu wa mazoezi tu. Huenda una upungufu wa damu, hasa kama viganja au sehemu ya ndani ya kope zimepauka. Nenda kliniki ukapimwe.

Acha zoezi na utafute huduma ya afya mara moja ukiona:

- damu au maji yanatoka ukeni
- maumivu ya kifua
- kizunguzungu au kuzimia
- kukosa pumzi kabla hujaanza zoezi, au kusikoisha ukipumzika
- maumivu makali ya kichwa
- maumivu au uvimbe kwenye mguu mmoja
- tumbo linakaza kwa maumivu mara kwa mara
- mtoto amepunguza kucheza

Epuka mazoezi kwenye jua kali na kunywa maji ya kutosha. Baada ya miezi mitatu ya kwanza, usifanye mazoezi ukiwa umelala chali. Kama ulijifungua kwa upasuaji, muulize mhudumu wa afya lini uanze.

Kwa anayemtunza mama

Usimzuie kutembea, na usimharakishe. Tembea naye, mwongeleshe, na usikilize anavyojibu. Akianza kujibu kwa neno moja moja, punguzeni mwendo. Akisema hajisikii vizuri, mwamini, na mpumzike hapo hapo.